Miezi ya Dereva

Saa moja na dakika kumi jioni, siku ya Jumanne, suti ya judo ya mama ilitoka kwenye mkoba ikiwa imekunjwa vilevile kama nilivyoikunja. Nilinusa kola, kwapa na magoti ya suruali. Ilinuka sabuni. Mtu aliyetoka kuvutana mkekani na wanaume wa kilo tisini hawezi kurudi na suti inayonuka sabuni.

"Mazoezi yalikuwaje?" niliuliza.

"Kawaida tu," mama alijibu kutoka bafuni. "Wamenichosha kweli."

Kwenye mshikio wa mkoba kulikuwa na unga. Niliugusa kwa kidole: unga wa ngano, mkavu. Kwetu hapakuwa na unga wa ngano tangu mwezi uliopita.

Mimi ni mpiga eksirei katika hospitali ya mji wetu. Kazi yangu ni kupiga picha na kueleza kinachoonekana; maana yake wanaitafuta madaktari. Nilikuwa na vitu viwili vinavyoonekana, suti kavu na unga, na havikuwa na udugu wowote. Sikuuliza zaidi. Niliweka suti kwenye kabati na kupakua chakula.

Mama alianza judo mwaka jana, miezi michache baada ya kustaafu kazi ya kiwanda cha mikate. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu, akaporomoka mpaka chini, akainuka na mchubuko mmoja. Daktari aliyemwona alimwambia, nusu kwa mzaha, kwamba kwa umri wake ni heri ajifunze kuanguka kuliko kujifunza kutoanguka. Mama hajui mzaha wa madaktari. Alichosikia ni agizo. Wiki iliyofuata alikuwa ameshaitafuta klabu, ameshaipata, na ameshanitajia bei.

Bei ilinikalisha kitako. Klabu ile hulipwa kwa mwaka mzima, mara moja, na haina robo wala nusu. Nililipa, kwa sababu nyumbani kwetu mtu mwenye mshahara ni mimi, na kwa sababu mama hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nilidhani angechoka mapema. Hakuchoka. Alianza kutembea akiwa amenyoosha mgongo, akaacha kushika ukuta akishuka ngazi, na siku moja alinikamata kola jikoni akanionyesha jinsi ambavyo ningeruka kama angetaka.

Sasa mwaka wake ulikuwa unaisha, na klabu ilikuwa imebandika bei mpya mlangoni. Nilikuwa nimeiweka akiba ya bei ya zamani. Tofauti kati ya bei hizo mbili ilikuwa kodi yetu ya mwezi mmoja na zaidi kidogo. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi ya kumwambia mama, "Mwaka huu tupumzike kwanza," ila kila nilipotaka kuitoa alikuwa anapita na ndoo ya maji mkono mmoja, mgongo umenyooka. Niliamua kwenda mwenyewe kuomba nilipe kidogokidogo.

Klabu iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Jumatano baada ya zamu nilipanda ngazi zinazonuka mpira na kumkuta katibu wa klabu, mwanamke mwenye miwani ya kamba shingoni, akishona mkono wa suti uliochanika kwa uzi mnene kama wa magunia.

"Shikamoo. Nimekuja kwa habari ya ada ya Mama Unga," nilisema. Ndivyo wanavyomwita mama pale.

"Marahaba. Ada ipi?"

"Ya mwaka mpya. Nilitaka kuomba nilipe kwa mafungu."

Alinitazama juu ya miwani. "Mbona ameshalipiwa?"

"Na nani?"

"Wewe dada, unanitania." Alikata uzi kwa meno. "Ukuta huuoni?"

Niliutazama ukuta. Ulikuwa na safu ya misumari mirefu, mmoja kwa kila mwanachama, na kwenye kila msumari mkanda, kwa sababu mikanda ya klabu ile hailali majumbani. Mkanda wa mama ni wa njano. Juu yake, kwenye msumari uleule, ulining'inia mkanda mwingine, wa kahawia, uliochakaa ncha.

"Ule wa kahawia ni wa nani?"

"Wa Dereva."

"Na unafanya nini kwenye msumari wa mama?"

"Unamngoja mama yako. Na mimi sasa nikuulize wewe: mbona haji? Hii wiki ya tatu hatumwoni."

Nilikaa kwenye benchi. Mama alikuwa ametoka nyumbani kila Jumanne na kila Alhamisi, na mkoba, saa zilezile.

Katibu aliona nimekaa vibaya, akaacha sindano. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Ada hairudishwi, hata ukivunjika. Lakini aliyeumia anaweza kumpa mwenzake miezi iliyobaki. Hapeleki barua wala hasemi. Anakuja siku moja, anautundika mkanda wake kwenye msumari wa aliyemchagua, anaondoka. Aliyepewa akiuchukua na kuuvaa mazoezini, miezi ni yake. Asipougusa mpaka mazoezi ya mwisho ya mwezi, mkanda unarudi kwa mwenyewe na miezi inakufa.

"Inakufa maana yake nini?"

"Inakufa. Hana yeye, hana mama yako. Dereva alikuwa amebakiza saba."

"Kwa nini wasiseme tu kwa mdomo?"

"Ukisema, mtu ataanza asante, ataanza hapana usijisumbue, watalia hapa, mkeka uloe." Aliokota sindano. "Mazoezi ya mwisho ya mwezi ni kesho."

"Na kwa nini amchague mama yangu? Wana undugu gani?"

"Hilo kamuulize mama yako. Yanayotokea mkekani sisi hatuyapeleki kwa watu."

Nilishuka ngazi nikiwa na pesa yote mfukoni na akili pungufu. Mwanaume nisiyemjua amempa mama miezi saba ya judo. Mama anaikimbia, tena anaikimbilia mahali penye unga. Nikiwa njiani nilifikiria posa. Sijui watu wa rika lile huposana vipi, na mkanda kwenye msumari haukuonekana kwangu kitu cha ajabu kuliko njia nyingine nilizowahi kusikia.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nilikaa mbele yake.

"Mama, Dereva ni nani?"

Mkono ulisimama juu ya ungo. "Amekuja hapa?"

"Hajaja. Ni nani?"

"Kumbe wamekuambia." Alisukuma ungo pembeni. "Nimemvunja mkono, mwanangu."

"Umemvunja wewe?"

"Mimi, kwa mikono hii. Tulikuwa tunajaribu ule mtupo wa nyonga. Mwaka mzima yule bwana sijawahi kumtikisa. Ni kama kusukuma tanuri. Siku hiyo sijui ilikuwaje, nikaingia, nikageuka, nikamsikia mwepesi. Mwepesi kama donge lililoumuka. Halafu nikasikia sauti." Aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja. "Hivyo."

"Kisha?"

"Kisha wakampeleka hospitali. Alhamisi yake nimekwenda mapema nimwombe radhi mbele ya watu. Nafika, nakuta ameshakuja, ameshaondoka, na mkanda wake ameutundika kwenye msumari wangu. Juu ya wangu! Kila anayeingia auone, ajue ni nani aliyemvunja. Na wao wananitazama, hawasemi kitu, wanatabasamu. Ningebaki pale nifanye nini?"

"Ukaenda wapi?"

"Kiwandani. Nawasaidia wale wasichana kukanda. Huko nikivunja kitu, ni mkate."

Unga ulikuwa umepata maelezo. Nilimweleza mama nilichoelezwa na katibu, neno kwa neno, bila kuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho, na badala ya uso wake kufunguka, ulizidi kujikunja.

"Nimemvunja mkono," alisema polepole, "halafu ananilipia?"

"Ndivyo utaratibu wao ulivyo. Mkanda ni zawadi."

"Kwa lipi?"

"Sijui."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Mwaka wako wote hakuna aliyeumia. Wao wanadhani kila mtu anajua."

"Hapana. Hii ni dharau, au ni huruma, na yote mawili siyataki." Alivuta ungo. "Huyu mtu anaendesha lori la saruji. Mkono umevunjika, lori limesimama, watoto wake wanakula nini? Halafu mimi nikaruke ruke kwa pesa yake? Kesho nenda ukamrudishie."

"Siruhusiwi kuugusa. Wanaougusa ni wawili tu, wewe na yeye."

"Basi ufe ukutani."

"Ukifa ukutani, Mama, na wewe judo imekwisha." Nilimtajia bei mpya.

Alichagua jiwe kwenye mchele, akaliweka mezani, akalitazama muda mrefu. "Si nimeshajua kuanguka," alisema. "Inatosha."

Alipoinuka kwenda jikoni alishika ukuta.

Alhamisi asubuhi, mgonjwa wa nne alikuwa mwanaume mpana mwenye plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, amekuja kupigwa picha ya kuangalia kama mfupa unaunga. Nyuso huwa nazisahau. Picha ya kwanza ilipofunguka kwenye skrini niliukumbuka mkono. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika na kupindia nyuma, kama mpini wa uma, mvunjiko wa mtu aliyeanguka akaitanguliza mikono. Chini yake nilikuwa nimeandika mwenyewe alichonieleza siku alipovunjika: ameanguka kutoka kwenye lori.

"Daktari," alisema, "nitaweza kushika kola lini?"

"Mimi si daktari. Kola ya nani?"

"Usukani. Nimekusudia usukani."

"Usukani hauna kola."

Alicheka kidogo, akatazama dari. Nilimnyooshea mkono juu ya meza, nikageuza kifundo kwa upole, nikaenda nyuma ya kioo, nikapiga. Niliporudi nilimuuliza lori lake linabeba nini.

"Saruji."

Nilifikiri kwa muda juu ya kipi ninaruhusiwa kusema. Mambo ya mgonjwa hayatoki chumbani mwangu. Lakini habari za mama yangu si siri ya hospitali.

"Mama yangu anafanya judo," nilisema. "Wanamwita Mama Unga."

Dereva alikaa wima mpaka meza ikalia. "Ndiyo maana umenigeuza mkono hivyo! Kumbe ni familia nzima!" Kisha sauti ikashuka. "Amekasirika sana?"

"Nani?"

"Mama yako. Mkanda wangu haujaguswa. Wiki tatu nampigia katibu simu, ananiambia bado. Nimesema basi, yule mama hajanisamehe."

"Akusamehe nini? Aliyevunjwa ni wewe."

"Siku ya kwanza alipokuja nilimwambia jiko liko mtaa wa pili. Watu walicheka." Alikuna plasta kama vile kucha zingepenya. "Nilidhani ameweka moyoni."

"Yeye anadhani umemtundikia mkanda ili watu wajue nani alikuvunja."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba lori lake ni la samaki. "Nani anatundika mkanda kwa sababu hiyo?"

"Hakujua desturi yenu."

"Lakini kila mtu anajua."

"Ndivyo mnavyosema wote." Nilizima skrini. "Kwa nini ulimpa yeye?"

"Ada hairudi."

"Hiyo ni sababu ya kumpa mtu. Nauliza kwa nini yeye."

Alifikiri. Niliona kwamba hakuwa ananificha jibu, alikuwa anatafuta. "Ningempa nani? Fundi Saa? Yule angeitumia yote saba kupiga soga benchini." Akafikiri tena. "Ule mtupo ulikuwa safi. Kosa ni langu, nilinyoosha mkono, na mwalimu anatuimbia kila siku, usinyooshe mkono. Nikiwa hewani nikajisemea, huyu mama anajua. Basi. Sasa wewe unataka sababu gani nyingine?"

"Sina ninayotaka. Unafanya nini leo jioni?"

"Mtu mwenye mkono mmoja anafanya nini?"

"Njoo klabu."

Kwa mama nilisema jambo moja tu, na lilikuwa kweli: Dereva atakuwepo, na kama anataka kumrudishia mkanda wake, leo ndiyo siku, na ni lazima iwe kwa mkono wake mwenyewe. Mama alivaa gauni la kwendea misiba. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, alirudi akachukua mkoba wenye suti. Nilimuuliza wa nini.

"Nimezoea kuubeba," alisema.

Tulipoingia, watu kumi na kitu walikuwa wanajinyoosha mkekani. Wote walimtazama mama, wote walitabasamu, na hakuna aliyesema neno. Nilielewa kwa nini alikimbia. Dereva alikuwa benchini, plasta mapajani. Mama alikwenda moja kwa moja ukutani, akautoa mkanda wa kahawia kwenye msumari, akaenda akasimama mbele yake.

"Mwanangu, pole sana kwa mkono," alisema. "Mkanda wako huu hapa. Siwezi kula miezi yako."

"Shikamoo, mama," Dereva alisema. Hakunyoosha mkono.

"Marahaba. Pokea."

"Nipokee nikafanye nao nini? Siwezi kuufunga. Hata kamba za viatu nafungwa na mke wangu, kila asubuhi ananisimanga."

"Basi utautundika kwenye msumari wako."

"Nikiutundika kwangu, miezi inakufa. Sasa hivi, mbele ya macho yako. Katibu, uongo?"

"Kweli," katibu alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mshono wake.

Mama alinigeukia. Nilimpa nilichokuwa nacho. "Mkono wa mtu huvunjika vile akianguka ameunyoosha, Mama. Si aliyemtupa anayeuvunja."

"Wewe hukuwepo."

"Mimi nilikuwepo," Dereva alisema. "Nilinyoosha."

"Lakini ni mimi niliyekurusha!"

"Ndiyo! Ndicho nilichomwambia mke wangu. Hataki kuamini. Amesema mwanamke wa umri huo akirusha mtu labda anarusha kuku."

Mtu mmoja mkekani aliangua kicheko, akajifunika mdomo. Mama hakucheka. Alisimama na mkanda mikononi, akiupima kwa vidole kama anavyopima donge, akautazama mlango, akamtazama Dereva, akautazama mkanda.

"Sielewi," alisema.

"Hata mimi," Dereva alisema. "Vaa tu."

Mwalimu, mzee mfupi asiyependa maneno, alipiga makofi mawili ya kujipanga. Mama alikwenda chumba cha kubadilishia. Alikaa humo mpaka watu wakamaliza kupasha misuli, na nilishaanza kuamini kwamba kuna dirisha la nyuma. Kisha alitoka akiwa amevaa suti inayonuka sabuni, mkanda wa njano kiunoni na wa kahawia juu yake, umemzunguka mara mbili na bado ukabaki mrefu. Aliinama ukingoni mwa mkeka, akaingia.

Mwalimu alimpanga na Fundi Saa, mwanaume mwembamba anayeongea hata akikabwa. Mama alishika kola. Alishika vizuri, nilivyoona, lakini hakuingia. Fundi Saa alimzungusha upande mmoja, akamzungusha upande wa pili, na mama alifuata kama mlango unavyofuata upepo. Macho yake yote yalikuwa kwenye kifundo cha mkono wa Fundi Saa.

"Mama Unga, leo umekuja kunisalimia?" Fundi Saa alisema. "Ningeleta chai."

Mama alirudi nyuma. Fundi Saa akamtupa, si kwa nguvu. Mama alianguka vizuri, kiganja kikapiga mkeka, akainuka, wakashikana tena.

"Mama!" Dereva aliita kutoka benchini. "Huyo unamwogopea nini? Huyo hana mfupa, ni mdomo mtupu!"

"Wee, Dereva, nitakuja hapo nikuvunje wa pili," Fundi Saa alisema, na aligeuza kichwa ili aseme.

Mama aliingia. Nyonga ilipita chini, mgongo ukageuka, na miguu ya Fundi Saa ikaondoka kwenye mkeka yote miwili pamoja. Alianguka chali, mkono umekunjwa, kiganja kimepiga mkeka kwa mlio mmoja bapa. Mama alibaki ameinama juu yake, hajaachia kola.

"Mkono!" alisema. "Nionyeshe mkono!"

Fundi Saa aliinua mikono yote miwili, akachezesha vidole kumi mbele ya uso wake.

Mama alivihesabu, akaachia kola.